Mwaka Tulipoliteremsha Jua

Siku hizi picha ya jua inafunguka kabla mtu hajamaliza kusema bismillahi. Maryamu, mke wa mwanangu, anagusa kioo cha simu kwa kidole kimoja, mkono mwengine umeshika mwiko, na jua hilo hapo, zima, limejaa. Asubuhi ile nilimwambia, "Polepole, mwanangu." Akanitazama. "Polepole vipi, mama? Si imeshafunguka." Alikuwa anageuza chapati, mimi nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, na jua la mbinguni limelala mezani baina ya chumvi na kopo la majani ya chai. Chini ya picha ile kulikuwa na sauti ya msichana nisiyewahi kumwona, anasema Kiswahili cha kukatikakatika, na kila akifika pahala pa kulia anameza mate kwanza. Bi Mize, mama yangu amefariki. Alisema nikuletee hii. Mama yake ni Nasrin. Nikaendelea kukuna nazi, maana mikono ilikuwa haijapata habari, mpaka Maryamu akaniondolea kifuu mkononi. Nyama ya nazi ilikuwa imekwisha, nakuna kifuu kitupu.

Mimi si mtu wa kalamu. Skuli nilitoka darasa la tatu, na nilichokwenda nacho mbele ni Qurani ya chuoni na mapishi. Haya naandika kama ninavyosema, na Maryamu ananirekebishia herufi, na pale anapotaka kunirekebishia maneno namwambia aache. Nani alinizaa, nani alinioa, kwa nini nikarudi kwetu Tibirinzi na kisanduku kichwani na mtoto mkononi, hayo nayaruka. Si siri, Tibirinzi nzima wanayajua na wengine wanayajua kunishinda mimi. Ila hayana jua ndani yake. Mimi nataka kusema mwaka mmoja tu, wakati nina thelathini na kidogo, mguu mwepesi, napanda ngazi na ndoo ya maji bila kushika pembeni. Leo nikipanda kibaraza natafuta mtu wa kumlaumu.

Nyumba ya Mzee Gulamu ilikuwa Chake mjini, juu kidogo ya soko, duka chini na watu juu. Wao ni watu wa asili ya Kihindi, Waislamu, wamezaliwa Pemba babu na baba. Chini aliuza kanga, mabetri, sufuria, taa za chemli, pipi za watoto, na kila kitu kilinuka mafuta ya taa kidogo, hata pipi. Ngazi ya kwendea juu ilikuwa ya mbao, imesimama wima kama ngazi ya kuchumia karafuu, na pembeni imefungwa kamba ya kushikia. Mzee Gulamu alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wake wa kushoto umelala, na tangu siku aliyopandishwa juu na wanaume wanne alikuwa hajashuka. Mimi nilichukuliwa kupika na kumkanda. Nilimkanda asubuhi na jioni kwa mafuta ya makonyo, yale yanayokamuliwa kwenye vikonyo vya karafuu, makali kiasi ukijisahau ukagusa jicho utaita majina ya wazee wako wote. Nyumba nzima ilinuka makonyo. Mpaka leo nikiyanusa namwona mzee yule kanyoosha mguu juu ya stuli, anasema, "Weye Mize, huo ni mguu, si unga wa chapati."

Nasrin alikuwa binti yake wa pekee. Alikuwa anasoma na kufanya kazi Ulaya, na walimu wake walimpa ruhusa aje kumuuguza baba yake. Siku ya kwanza aliingia jikoni akachukua kiti cha chini akakaa, hakungoja kukaribishwa. Nikamuuliza, wafanya kazi gani huko? Akasema, "Natazama jua, Da Mize." Nikamtazama kwanza nijue kama ananifanyia mzaha. Nikamwambia, "Jua tunalo hapa, tena bure. Umekwenda kulitafuta kwenye baridi?" Alicheka mpaka akaegemea ukuta wa masizi, na gauni lake jeupe likapata alama mgongoni, na siku hiyo yote alitembea nayo kwa sababu mimi nilinyamaza. Ndivyo tulivyoanza. Watu wengine huanza kwa salamu nzuri zaidi.

Chumba cha mbele, kilichokuwa stoo ya majora ya nguo, alikifanya chumba cha kompyuta. Zilikuwa tatu, kila moja ina kitambaa chake cha kufuma, kama makochi ya nyumba ya harusi. Asubuhi walikuja watu kusoma barua za watoto wao walioko Omani na Dubai, na jioni wakishaondoka, Nasrin alianza kazi yake. Waya wa simu ulipita ukutani juu ya jiko langu, na mwisho wake kulikuwa na kidude. Kwanza kinalia kama kuku kakamatwa, halafu kinakoroma, halafu kimya, na kile kimya ndiyo kimeshika. Hapo nyumba nzima haipigi simu wala haipigiwi. Mzee Gulamu alikuwa akisema kwa sauti kutoka kitandani, "Jua lako lanilia simu yangu, Nasrin. Mtu angekufa Wete nisingejua." Naye anamjibu, "Akifa Wete watakuja kukwambia, baba. Hili likiripuka hakuna wa kuja." Halafu ananiita. "Da Mize, njoo, naliteremsha."

Kuteremsha ndilo neno lake. Na kweli lilikuwa likiteremka. Picha ilikuja kutoka juu, ukanda baada ya ukanda, mwembamba kama uzi wa mkeka, unangoja, unaongezeka mwengine. Mpaka likamilike, nilikuwa nimeshamenya muhogo wa nyumba nzima. Nilikwenda na sinia langu nikakaa chini pembeni ya kiti chake, mimi namenya, yeye anangoja, na jua linashuka. Ndani ya kungoja kule ndimo tulimozungumza, maana hakukuwa na kazi nyengine ya mdomo. Aliniambia kwamba kule anakula wali amesimama, kwa sababu meza ni moja na imejaa makaratasi. Aliniambia kuwa theluji siku ya kwanza ni nzuri na siku ya pili ni matope. Nami nilimwambia mambo ya mume wangu ambayo sikumwambia hata mama yangu mzazi, na alikuwa hageuki kunitazama nikisema, macho yake yako kwenye kioo, na hiyo ndiyo sababu niliweza kusema. Ukimtazama mtu usoni anakumbuka aibu. Mkitazama jua wote wawili, maneno yanatoka yenyewe.

Sasa picha yenyewe. Mie nilitegemea jua. Likaja la samawati, na katikati sahani nyeusi, kubwa, na ndani ya sahani kiduara cheupe kimechorwa kama kwa chaki. Nikauliza, jua liko wapi? Akasema limefunikwa, kiduara kile ndicho kiasi chake, lenyewe liko nyuma ya sahani. Nikamwambia, yaani watu wamekwenda mpaka huko kutazama jua, halafu wamelifunika. Akainua kiganja akakiweka baina ya uso wangu na balbu ya darini. "Waiona balbu?" Siioni. "Waona nini?" Nikatazama. Niliona moshi wa jiko langu unapita pembeni ya mkono wake, na vumbi, na mbu mmoja, vitu ambavyo balbu ikiwa wazi havionekani. Akasema ndivyo hivyo. Jua likifunikwa ndiyo unaona linachotema. Na linatema. Kuna siku linaripuka pahala pamoja kama mafuta yaliyodondokewa maji, hiyo ndiyo miripuko, na mara nyengine, pamoja nayo, linarusha wingu zima la moto kwenda mbali. Mtu akiwa duniani haoni, kwa sababu ya hewa na mwanga. Kwa hiyo wameweka jicho huko nje, mbali kuliko mwezi, baina yetu na jua lenyewe, halilali, halifumbi, linapiga picha usiku na mchana. Kazi ya Nasrin ilikuwa kupanga picha zile moja baada ya moja na kupima wingu limekwenda kasi gani, kisha kuwapelekea walimu wake.

Nilimuuliza jicho lile linaning'inia na nini. Akafikiri. Akasema, "Jua lalivuta huku, dunia yalivuta huku, nalo limewekwa pale ambapo mivuto imepatana." Likisogea kidogo upande mmoja je? "Linaondoka zake. Halikai lenyewe, Da Mize. Lina vijipampu vya kulirudisha, na kila baada ya muda lazima lisukumwe." Nikamwambia, kama weye. Ukanda mmoja ukashuka, na mwengine, ndipo akasema, "Nikiwa huku nakutamani kule. Nikiwa kule natamani hata hii harufu ya makonyo." Nikamwambia harufu naweza kumtilia chupani. Akasema chupa haitoshi.

Halafu kuna jambo alilonifunza ambalo sijalisahau, na nimelitumia katika mambo mengi yasiyo ya jua. Wingu likitoka ubavuni, kulia au kushoto, unaliona vizuri sana, lina umbo kama taa ya chemli, zuri, na hilo halikuhusu, linakwenda zake. Lakini ukiona nuru imetokeza pande zote za sahani kwa pamoja, imezunguka kama pete, ujue hilo halikwenda pembeni. Linakuja kwako. Kwa sababu linakuja moja kwa moja ndiyo unaliona limezunguka.

Kila Ijumaa alikuja Bi Zubeda, dada yake Mzee Gulamu, anakaa Jadida kule Wete, mwanamke mzito wa mwili na mwepesi wa ulimi. Alileta achari ya ndimu kwenye kopo la maziwa, na habari. Jiko na chumba cha mzee vilitenganishwa kwa pazia, na pazia si ukuta. Ijumaa moja nachuja ukwaju, nikamsikia anasema, "Huyu mtoto atakaa mpaka lini? Watu waniuliza." Mzee Gulamu akajibu taratibu, maana ulimi wake bado ulikuwa unavuta, "Mpaka nishuke ngazi mwenyewe nikae dukani. Ndivyo tulivyopatana, yeye na mie na walimu wake. Siku nikishuka, yeye apanda ndege." Bi Zubeda akasema, "Na ukishuka, weye wamtaka aende?" Halafu mzee akasema, "Achari ya leo ina chumvi nyingi."

Nilisimama pale na ukwaju mkononi unanidondokea miguuni. Kwa sababu anayemkanda yule mzee ni nani? Ni mimi. Anayempikia supu ya kongoro, anayemsimamisha kila asubuhi ashike kamba na ahesabu mbao za ngazi kwa macho, ni mimi. Mguu ule ulikuwa unarudi mikononi mwangu, nausikia mshipa unaamka kama unavyosikia unga unavyoumuka chini ya kitambaa. Na kila unapoamka, Nasrin anakaribia kiwanja cha ndege. Sikumkanda kidogo, Mungu shahidi yangu. Nilimkanda zaidi, kwa sababu niliogopa moyo wangu. Siku aliponyanyua kisigino mwenyewe, nilimwambia alhamdulillahi, nikaenda jikoni nikakata vitunguu ambavyo havikuhitajika katika chakula kile.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Siku zilikuwa za mawingu ya vuli, jua linatoka, linajificha, linatoka. Baada ya adhuhuri nimekaa namenya muhogo wa futari, Mzee Gulamu yuko kwenye kiti chake karibu na dirisha, anasikiliza habari za mbali kwenye redio yake ya mkulima. Redio ikakatika. Haikukoroma kama inavyokoroma siku zote, ilitoweka, ukabaki mvumo. Akasema, "Mize, mabetri." Nikatia mengine. Mvumo. "Umetia mabovu." Nikamwambia, "Mazima, Mzee, nimeyatoa dukani kwako." Akasema, "Basi ndiyo mabovu." Nilitegemea Nasrin acheke. Alikuwa kasimama mlangoni, hakucheka. "Baba, imekatika lini?" Sasa hivi. "Imekatika yote?" Yote. Akasema, "Si mabetri. Jua limeripuka." Akatueleza kwa haraka akiwa ameshageuka, kwamba sauti ya redio ya mbali hudunda kwanza kwenye kama dari huko juu angani ndiyo ikatufikia, na mripuko mkubwa mwanga wake ukifika unaiharibu dari ile. Mwanga unafika mara moja. Wingu, kama lipo, linakuja nyuma yake. Kuku akalia kwenye kidude, kikakoroma, kikashika.

Tulingoja sana, maana picha za jicho lile nazo zilichelewa kutolewa. Katika kungoja akaingia Mzee Faki, muadhini wetu, kuja kusoma barua ya mwanawe aliyeko Maskati. Alikuwa mzee mwema, mwoga wa Mungu, anavaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Nasrin akamwambia, "Karibu, Mzee Faki, ningoje kidogo." Akakaa nyuma yetu. Jua likaanza kuteremka. Ukanda wa kwanza, wa pili, na mara hii juu kabisa, pahala ambapo siku zote ni samawati tupu, pakawa peupe. Nasrin akaweka mkono mdomoni. Ikashuka sahani nyeusi, na kulia kwake nuru, na kushoto kwake nuru, imefura, kama kitu kilichopasuka. Mzee Faki akauliza kwa sauti ndogo, "Hili n'nini, mwanangu?" Nasrin akajibu bila kugeuka, "Jua, Mzee Faki. La leo hii." Nikamsikia anasema La ilaha illa llah, na viatu vyake vinashuka ngazi mbio. Nilidhani ameshikwa na haja.

Haikupita muda kipaza sauti cha msikitini kikakohoa, kisha sauti yake, inatetemeka. Aswalatu jaamia. Aswalatu jaamia. Asiyejua, huo si wito wa swala za kila siku. Huo ndio unaoitiwa watu jua linapopatwa. Tangu utotoni sisi tumefunzwa kwamba jua likipatwa hutazami juu, macho yatapofuka, unainamisha uso unakwenda kuswali na kuomba msamaha. Na wingu la vuli lilikuwa limepita wakati ule, mji umefifia kidogo. Nikaenda dirishani. Sijaona tena kitu kama kile. Maduka yanafungwa milango, wauza samaki wametelekeza baskeli na tenga zao, watu wanatia udhu kwenye bomba la soko wanasukumana, na wote, wote, wanakwenda msikitini wameinamisha vichwa, hapana hata mmoja anayetazama juu. Wingu likapita, jua likatoka kali la kuunguza, vivuli vyao vimelala chini mbele yao wanavikanyaga, na bado hawatazami.

Nikamwita Nasrin nimwambie tukawatoe watu katika makosa. Hakuja. "Da Mize, njoo uone." Picha ilikuwa imefika mwisho. Nuru imezunguka sahani yote, juu, chini, kulia, kushoto, imefunga. Pete. Akasema, "Linakuja kwetu." Na hapo hapo, nyuma yetu, tukasikia mbao ya ngazi imelia.

Nyumba ile naijua kwa masikio. Mbao ya kwanza hulia kama mlango, ya pili haina sauti, ya tatu hulia mara mbili. Ililia ya kwanza. Kukawa kimya. Kukagonga mkongojo. Ikalia ya tatu. Nilitaka kukimbia, Nasrin akanishika kanga. Tulikwenda mpaka juu ya ngazi tukasimama. Mzee Gulamu alikuwa ameshafika kati, ametupa mgongo, mkono wa kulia kwenye kamba, mkono wa kushoto, ule uliolala, umeshika mkongojo. Anasema peke yake, astaghfirullah, mbao, astaghfirullah, mbao. Alifika chini. Akatafuta makubadhi yake kwa miguu, akavaa la kulia, akavaa na la kushoto. Akatoka nje bila ya kutazama nyuma, kichwa amekiinamisha kama wenzake.

Tukakimbilia dirishani. Pale mbele ya msikiti Shehe Hamadi alikuwa amesimama mlangoni, mrefu, hana haraka. Anauliza, "Nani kaliona?" Wakasema Mzee Faki. "Faki, umeliona wapi?" "Kwa Gulamu, ghorofani." Shehe akauliza, "Jua liko ghorofani kwa Gulamu?" Mtu mmoja akainua uso. Akafuata mwengine. Nyuso zikawa zinainuka moja moja, zinakunja macho, na jua liko pale pale lilipokuwa, zima, linawatazama. Shehe akasema, "Swala ya kupatwa huswaliwa kwa jicho, si kwa habari. Lakini aliyetia udhu hakupata hasara. Na aliyeogopa hakupata hasara vile vile." Muuza samaki mmoja wa Tumbe akasema, "Shehe, na aliyeibiwa samaki wakati kaogopa?" Watu wakaanza kucheka, na katika kucheka kule mtu akageuka akasema, "Na weye Mzee Gulamu, umeshukaje?" Mzee Gulamu alitazama miguu yake, wa kulia, kisha wa kushoto, kama anayetazama viatu vya kuazima.

Nasrin alikuwa anacheka, ameziba mdomo kwa mtandio, mabega yanatikisika. Baadaye nikaona mabega bado yanatikisika na kicheko kimekwisha. Nyuma yetu kidude kilikuwa kimeshateremsha picha nyengine, na hiyo ilikuwa imechafuka yote, imejaa madoa meupe, kama mtu kamwagia chicha la nazi. Akasema ni vumbi la jua, limelipiga jicho lenyewe. Nikauliza limepofuka? Akasema hajui. Alikaa pale mpaka mzinga wa kufuturu, na futari yake nilimpelekea kwenye kiti, tende na uji na muhogo, akala bila kuangalia anachokula.

Jicho halikupofuka. Madoa yalipungua, likaona tena. Wingu lenyewe lilifika kesho yake, na hapa Pemba hatukuona kitu. Nilimuuliza, limefika? Akasema limefika. Mbona sikusikia? Akasema watu wa kaskazini ya mbali ndio walioona mbingu nyekundu, sisi huku tumesitirika. Mimi nilikuwa na maoni yangu kuhusu kusitirika. Jioni ile simu iliachwa huru kwa ajili ya Bi Zubeda, ikalia, haikuwa Bi Zubeda. Nasrin alizungumza Kiingereza kwa muda mrefu. Kiingereza sikijui, lakini sauti ya mtu anayeitwa naijua. Mzee Faki naye alibaki na lake. Kila akipita barazani walimuuliza, "Mzee Faki, leo jua vipi?" Naye hakuwahi kukasirika. "La kwenu zima. La kwangu mpaka nikaulize ghorofani."

Nasrin aliondoka baada ya skukuu. Nilimfungia halua ya Wete, na chupa ndogo ya mafuta ya makonyo niliyoizungushia vitambaa vitatu ili isimwagikie nguo. Mzee Gulamu alimuagia dukani, amekaa nyuma ya meza yake, amevaa kofia mpya, na hakuinuka. Mguu ulikuwa unaweza. Juu, kwenye chumba cha kompyuta, Nasrin aliniambia, "Jua lina msimu, Da Mize, kama karafuu. Huu unakwisha sasa. Litatulia, halafu baada ya miaka kama kumi na moja litachafuka tena. Msimu ujao nakuja, tuliteremshe pamoja." Nikamwambia, karafuu zina mwaka wa kukataa kuzaa. Akasema, "Hata zikikataa."

Zilikataa. Msimu ule ulipofika Nasrin alikuwa ameshaolewa kule, na mumewe alikuwa mgonjwa, naye akaniandikia kwamba hata jua lenyewe mara hii limelala, halina la kutazama, tungoje linalofuata. Nikangoja. Mzee Gulamu alikaa dukani miaka mingi akashuka ngazi zake mwenyewe mpaka alipotolewa kwa jeneza, na nyumba ikauzwa, na leo pale chini kuna kijana anauza simu. Nikipita nasikia harufu ya plastiki. Halafu ndiyo ukaja msimu huu wa pili, jua likavurugika kwelikweli, Maryamu akinisomea habari za mbingu nyekundu huko mbali, na sauti ya Nasrin ikaja kwenye simu, imezeeka, ina mkwaruzo, lakini ni yeye. "Da Mize, msimu umeingia. Nakuja. Nitilie achari." Nikatia achari ya ndimu, kama ya shangazi yake, nikapunguza chumvi. Nikatoa godoro nikalianika. Achari iko rafuni mpaka leo, imeiva, haijafunguliwa.

Sasa nirudi jikoni, asubuhi ile. Nilimwambia Maryamu azime moto aje akae. Picha ilikuwa bado mezani, na niliiona kwa kupitia tu, bila miwani, sikutazama nuru imekaa upande gani. Nikamwambia aifungue polepole kama zamani. Akasema haiwezekani, mama, haina polepole. Nikavaa miwani, nikauvua mtandio wangu, nikaifunika simu yote. "Sasa mama waona n'nini?" Nikamwambia sioni kitu, na ndivyo lilivyokuwa likianza. Nikashika ncha mbili nikaanza kuuvuta kuja chini, upana wa ukucha, nikasimama. Upana wa ukucha tena. Samawati. Simu ikataka kuzima, Maryamu akatia kidole chini ya mtandio akawa anaigusa isilale. Alisogeza kiti chake. Chapati mbili zilikuwa zinapoa kwenye sahani na hakuna aliyezikumbuka. Ikatokeza nuru juu. Nikavuta. Ikatokeza kulia kwa sahani, nikavuta kidogo, ikatokeza na kushoto. Nikajua ni ya namna gani kabla haijafika mwisho, na sikumwambia.

Maryamu yuko nyumbani kwangu mwaka wa saba. Ni mtoto mzuri, mpole, hajawahi kunijibu vibaya na hajawahi kuniambia kitu cha moyoni. Macho yake yalikuwa kwenye simu, hayakuwa kwangu. Akasema, "Mama, kuna jambo nataka nikwambie siku nyingi." Nikausimamisha mtandio pale pale ulipofika, nusu ya jua, nikaushika kwa vidole vyote usiteleze.